Awashwaye

Swali la kwanza si la dawa.
Namuuliza mwenye mbwa: muwasho ulitangulia upele,
au upele ulitangulia muwasho?
Wengine hucheka. Wengine hukasirika:
wametoka Ruashi kwa miguu, mbwa kwa kamba ya katani,
wanataka sindano, wanataka mafuta,
hawakuja kufanya mtihani.

Nami nilicheka, Kasapa, mwaka wa tano,
Profesa Kabwiz aliponifunga macho kwa leso yake
akanipa masikio ya mbuzi niyasome kwa vidole.
La tatu lilikuwa na moto.
La tano lilikuwa na ukoko
mwembamba, kama wa bukari uliobaki sufuriani.
"Umesahau nini?"
Nilisahau la sita, lililokuwa zima.
"Usipoijua ngozi nzima," alisema,
"utaitibu hata afya."

Miaka sita ya mnyama mzima: kwato, matumbo, uzazi,
ng'ombe aliyegoma kuzaa saa tisa za usiku.
Kisha mingine mitatu, mbali na nyumbani,
juu ya kitu chenye unene wa kitambaa.
Mjomba Nsenga aliandika: bado unasoma manyoya?
Bado, mjomba.
Nilikuwa nakwangua kwa kisu butu na tone la mafuta
mpaka damu ichungulie,
si kabla, maana utitiri hujificha chini,
si baada, maana mbwa ana kumbukumbu.
Nilikaa gizani na taa ya urujuani
nikingoja choa kwenye manyoya ya paka
kiwake kijani cha ndizi changa.
Nilihesabu viumbe wa miguu minane
hadi nikawaota wakipanda ngazi za bweni.

Sasa nina chumba kimoja Katuba, hadubini moja,
na umeme ukipenda.
Mama Chola nilimpangia wiki nane:
mbwa ale samaki na viazi vitamu, hakuna kingine,
tujue kama adui yumo kwenye sahani.
Wiki ya saba mbwa akajikuna upya.
"Hujampa kitu?"
"Hapana, daktari. Nyama kidogo tu, ya Jumapili.
Jumapili nayo inahesabiwa?"

Juni, baridi, vumbi jekundu kwenye vioo,
akaja Kapya, mlinzi wa usiku,
na mbwa wa tajiri wake.
Ncha za masikio zimepara, viwiko vyekundu.
Nilisugua ncha ya sikio kwa kidole gumba
na mguu wa nyuma ukaanza kwenda peke yake,
unapiga pedali za baiskeli isiyokuwepo.
Ingetosha. Lakini nilikwangua.
Mara ya kwanza hakuna. Ya nne, hakuna.
Ya sita ikamtoa:
utitiri mmoja, mviringo kama kifungo,
na mayai yake mawili.

Nilimwita Kapya achungulie.
Alikaa pale muda mrefu, jicho moja limefumbwa.
"Huyu mdogo hivi?"
"Huyu huyu."
Koti lake lilikuwa limefungwa hadi kifundo cha mkono,
na chumbani mlikuwa na joto la jiko la makala.
"Kwa baridi hii, mnalala pamoja?"
Hakujibu. Mbwa ndiye aliyekwenda kumlalia miguuni.

Wanasema awashwaye ndiye ajikunaye.
Mimi nimemwona mtu akiwashwa mwezi mzima
asijikune mbele za watu,
asije akaitwa mchafu
na asubuhi geti likafungwa yeye yuko nje.

Cheti changu kinaishia kwenye manyoya.
Niliandika karatasi mbili:
moja ya mbwa, dozi na tarehe, na matandiko yachemshwe;
ya pili ya muuguzi wa zahanati ya pale kona,
nikaikunja mara nne, nje sikuandika neno.
Kisha nikaosha mikono, nikakaa,
nikamuuliza kwa sauti ile ile ninayowauliza wote:
muwasho ulitangulia upele,
au upele ulitangulia muwasho?

Alifungua kifungo kimoja.
"Ulitangulia," akasema.